Ndala Mbili za Kushoto

Usiku ule nililala na hasira. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na karatasi ya ukurasa mmoja iliyotakiwa iwe na sahihi yangu asubuhi. Karatasi ile ilisema, kwa lugha ya heshima inayokera kuliko matusi, kwamba matokeo ya marehemu Rehema hayaaminiki. Kwa Kiswahili cha nyumbani maana yake ni moja tu: Rehema alidanganya.

Rehema alikuwa shoga yangu, na meza yake ya maabara ilikuwa ubavuni mwa yangu. Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Maumivu aliyajua yote, ya mgongo na ya magoti, na ndiyo maana aling'ang'ania kutengeneza dawa ya maumivu kutokana na mzizi mmoja wa porini. Unga wake wa kwanza ulifanya kazi. Tuliujaribu kwenye seli, ukaingia kwenye vipokezi, yale matundu madogo juu ya seli ambamo dawa hukaa ndipo kazi yake ianze, ukakaa sawasawa. Siku ile alicheza chakacha katikati ya maabara na koti lake jeupe.

Kisha ugonjwa ukamzidi, tukamzika. Kazi yake nikaachiwa mimi. Nikaufuata mzizi uleule, nikarudia mara tatu. Unga wangu ulikuwa mweupe kama wake, mashine ya kupima uzito wa molekuli ikasema ni kitu kilekile, lakini kipokezi kiliukataa katakata. Mkuu wetu akasema imetosha, tuandike ukweli, mfadhili anasubiri. Jioni Mama Rehema akanipigia simu. Aliuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli wanayosema watu kuhusu mwanawe, maana arobaini ni Jumamosi na hataki kusoma hitma huku wageni wananong'ona. Nikamwambia mtandao mbovu, nikakata. Ndiyo aibu niliyolala nayo.

Nikajiona nipo mlangoni pa maabara. Pale mlangoni kuna boksi la ndala, kwa sababu haturuhusiwi kuingia na viatu vya barabarani. Kila aliyefanya kazi pale anaijua kero ya lile boksi: ukichelewa, unaambulia mbili za mguu mmoja. Rehema alikuwa amechuchumaa mbele yake, anachambua. Alivaa khanga ya kijani, ile tuliyomfunika nayo hospitali, na koti jeupe juu yake. Sikushtuka hata kidogo. Nilichojua ni kwamba nimechelewa na yeye ameshanisubiri sana.

Hakunisalimu. Akanisukumia ndala mbili za bluu. Navaa ya kwanza, navaa ya pili, mguu wa kulia unagoma. Namwambia zote za kushoto hizi, hazivaliki. Ananitazama kwa lile jicho lake la kejeli, anazichukua, anazigeuza chini juu. Namba moja. Rangi moja, mpira mmoja. Anazipeleka kwenye mizani yetu, moja baada ya nyingine, na mizani inasoma vilevile.

"Sasa kosa lake nini?" anauliza.

Natembea nazo hivyohivyo, nachechemea. Ukumbi wa maabara unarefuka, unakuwa na vitanda, na mimi natambua kuwa hii ni ile wodi aliyolazwa Rehema. Kwenye kila kitanda mguu mmoja umetokeza nje ya shuka, na wote ni wa kulia. Mikononi nimebeba rundo la ndala. Kazi yangu ni kuwavisha. Nainama kitanda cha kwanza, ukanda unakwenda kukamata vidole visivyo vyake. Cha pili vilevile. Nasukuma, nalazimisha, jasho linanitoka, na nyuma ya pazia kuna mtu anaguna kwa maumivu. Mguno ule ninaujua, niliusikia usiku wa siku tatu mfululizo mwezi uliopita. Nikaanza kulia kwa ghadhabu. Nikageuka kumwambia Rehema kwamba mimi nimefanya kila alichoandika kwenye daftari lake, kila kitu, na kama kuna mtu wa kulaumiwa si mimi.

Nilipogeuka tulikuwa jikoni kwa mama yake.

Mama Rehema amekaa kwenye kibao, amenipa mgongo, anachagua mchele wa arobaini kwenye ungo. Mbele yangu kuna jiko la mkaa na kipepeo kipo mkononi mwangu, napepea. Juu ya wavu wa jiko nimeweka ndala moja iliyolowa. Ni ya kulia, nina hakika, nimeiweka mwenyewe. Nina haraka nayo, mtu anaisubiri. Moshi mwembamba unapanda. Mpira unalegea, unajikunja, ukanda unahama polepole kutoka upande huu kwenda ule, na mbele ya macho yangu ndala ya kulia inakuwa ya kushoto. Haikupungua kitu. Hakikukatika kipande wala hakikuongezeka.

"Imekauka, mwanangu?" anauliza Mama Rehema bila kugeuka.

Nikasema imekauka. Nikaona haya kusema zaidi.

Rehema ananishika mkono, ananivuta, ananionyesha juu. Juu ya kabati la vyombo la mama yake ipo sahani ya kioo ya maabara, imefunikwa kipande cha chandarua. Mara nikakumbuka. Sahani ile ilikuwa ikikaa juu ya kabati letu siku nne nzima, na kwenye daftari aliandika: kausha taratibu, kivulini. Sisi tulimhurumia. Tulisema masikini, hawezi kusimama muda mrefu, anaacha kazi ijifanye yenyewe. Mimi mzima wa afya unga wangu nikautia oveni kwa saa moja, nikajiona hodari.

Nikafungua mdomo kusema ile methali ya haraka na baraka. Akainua kiganja kunikataza. Hakuwahi kuzipenda methali. Sasa hana kejeli tena usoni, ana hasira, na hasira yake inanifurahisha kwa sababu ndiyo yeye hasa.

"Mlidhani ni ugonjwa," anasema. "Nilikuwa nasubiri, kwa sababu nilijua."

Naye anaanza kuondoka, miguu yake haina viatu. Mlangoni anasimama, ananiita kwa jina langu.

"Kausha kama nilivyokausha, Tatu. Halafu ndiyo waniite mwongo."

Nikaamka. Mwadhini alikuwa amemaliza, jogoo wa jirani ndiyo kwanza anaanza, na ule mguu wa kulia ulikuwa na ganzi mpaka kwenye paja. Nikakaa kitandani naona haya peke yangu. Molekuli ile ina kona moja inayogeuka ikipata moto. Ikigeuka, vipande ni vilevile na uzito ni uleule, lakini kipokezi hakiulizi uzito, kinauliza kila kona inaelekea wapi. Kipo chombo cha kuonyesha jambo hilo kwa kupitisha mwanga. Taa yake iliungua, na sisi, wasomi wazima, tukakubaliana kwamba mizani inatosha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angetucheka.

Najua ndoto si ushahidi. Nimesomea hayo. Lakini na ile karatasi nayo haikuwa ushahidi, ilikuwa haraka yetu iliyopigwa chapa, na walitaka niibandike juu ya kaburi la mtu asiyeweza kujibu. Nikaitoa kwenye mkoba. Pale palipoachwa nafasi ya sahihi nikaandika kwa wino: Unga huu tuliuharibu sisi kwa moto. Sitii sahihi. Mkuu akitaka kunifukuza, anifukuze, ila sahani ya unga mpya itakaa juu ya kabati, kivulini.

Kisha nikampigia Mama Rehema. Akapokea mara moja, nadhani naye hakulala. Nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa simu ya jana, nikamwambia mtandao haukuwa mbovu.

"Mama, Rehema hakudanganya."

Nikasikia ungo ukiwekwa chini.

"Umejuaje, mwanangu?"

Nikatazama miguu yangu miwili sakafuni. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Nipe siku nne, Mama. Jumamosi nitakuja na unga wake mkononi, ukiwa mkavu."