Sanduku la Bati Kule Makambini

Aibu hii nimeikalia tangu Agosti, lakini kwa kuwa Moraa ameshaisimulia soko lote la Ogembo (ni dada mkubwa wa marehemu mke wangu, na mdomo wake hauna kufuli), wacha niiseme mwenyewe.

Zamani tulienda makambi ya kanisa na karabai na sanduku la bati tu, na Kwamboka wangu akiimba, mlima wa pili walimsikia bila spika. Sauti yake ilibaki kwa kaseti moja, nikaihamishia kwa simu, nikamwahidi Moraa: Sabato mchana, mbele ya watu wote, utamsikia dada yako.

Nikaenda kununua kontrola ya sola, kile kidude cha kupitisha umeme wa paneli hadi betri ya spika, mjini Kisii, kwa Mhindi mmoja ambaye baba yake aliniuzia betri za redio miaka ile.

"Mzee, paneli yako kubwa. Kontrola hii ya bei nafuu inamwaga bure nguvu inayozidi, hii nyingine inaigeuza iwe chaji. Na zote usizipike. Jua kali si chaji kali."

Nikachukua ya bei nafuu. Shule niliishia darasa la pili, lakini jua si nalijua?

Kisha kwa kuogopa wezi (makambini wapo, wanakuja kutubu) nikafungia betri na kontrola ndani ya sanduku, paneli nikailaza juu yake, juani, tangu Ijumaa.

Sabato nikasimama na shati jeupe, nikahutubu weee, nikabonyeza. Spika ikasema kroo, ikanyamaza, na simu iliyokuwa ikingoja chaji hiyo hiyo ikazima. Paneli haikushikika, kama kikaango. Nikafungua sanduku mbele ya kanisa zima, joto likanipiga usoni: kontrola imejizima, na ndizi mbivu nilizoficha humo zimekuwa uji.

"Shemeji," Moraa akauliza kwa sauti, "umechaji ndizi?"

Hata mhubiri alicheka. Ila macho ya Moraa yalikuwa yamelowa, akaenda hemani bila kula.

Jumapili asubuhi, na baridi yetu ya Nyamira, nikainua paneli juu ya vigingi upepo upite chini, betri na kontrola nikaziweka kivulini. Jua likachomoza, taa ya kijani ikawaka. Watu wakishusha mahema, sisi wawili tukamsikiliza Kwamboka akiimba wimbo wote, na mwisho kabisa, kitu nilichokuwa nimesahau, akanifokea mimi niliyekuwa nikimrekodi: "Na wewe, hiyo redio usiiache juani!"

Moraa alicheka mpaka akalia. Mimi tangu siku hiyo sianiki kitu juani, isipokuwa mahindi.