Kura ya Shrirang Thorve Iliyobatilishwa

Lile gari jeupe linaloegeshwa kila Jumapili nje ya nyumba ya akina Thorve ni la mkwe wao, daktari wa meno wa Nashik, na alilinunua miaka miwili kabla ya uchaguzi wowote. Pale kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya basi wapo wanaoapa kwamba Shrirang alihongwa gari hilo na wapinzani ili aiharibu kura yake makusudi. Wanaoapa hawakuwamo katika chumba cha kura siku ile. Waliokuwamo wako hai, wanajulikana kwa majina, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutamka neno hongo.

Shrirang aliingia katika bunge la jimbo, kule Mumbai, akiwa na miaka ishirini na sita, mdogo kuliko wote mle ndani. Alikuwa wakili wa mahakama ya wilaya, mtu wa kesi za mipaka ya mashamba. Marehemu baba yake, Dattaram, alikuwa bwana shamba aliyezunguka vijiji vyote vya juu kwa baiskeli, na alikuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla. Mama yake, Vatsala, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana kwa miaka kumi na tisa, hakumfichia mwanawe jambo usiku wa matokeo, wenzake walipokuwa wakimpaka unga mwekundu usoni na kupiga ngoma.

"Hizi ni kura za baba yako," alimwambia. "Za kwako bado."

Kazi akaianza na basi. Basi la mwisho la kwenda vijiji vya juu liliondoka saa kumi kasorobo, na shule ya wasichana ilifungwa saa kumi na nusu, kwa hiyo mabinti walikuwa ama wanakatiza kipindi cha mwisho au wanatembea kilomita tisa. Shrirang aliposimama bungeni kuuliza, mbunge mmoja mkongwe aliangua kicheko.

"Mheshimiwa Mdogo, sisi tunajadili mabwawa, wewe umetuletea ratiba ya basi?"

"Mabwawa yako yatakusubiri, Mheshimiwa," Shrirang akajibu. "Basi halisubiri."

Basi likasogezwa hadi saa kumi na moja. Baada ya hapo akaanza kuhangaikia bweni la mabinti wa wakata miwa, ambao kila msimu wa mavuno huondoka na wazazi wao na kurudi wakiwa wamesahau hata kusoma. Alizungushwa ofisi hadi ofisi mwaka mzima. Msingi ulichimbwa, mawe yakapangwa, na Vatsala akaanza kukubali, kimoyomoyo, kwamba kura zijazo zingekuwa za kijana mwenyewe.

Kisha ukaja uchaguzi wa wajumbe wa baraza la juu la bunge la taifa, kule Delhi. Wajumbe hao huchaguliwa na wabunge wa majimbo, na kwa kuwa vyama haviaminiani wala haviwaamini watu wao wenyewe, upo utaratibu wake. Mbunge huandika chaguo lake kwa kalamu maalumu ya zambarau. Humwonyesha karatasi wakala wa chama chake, huyo peke yake. Huikunja, huitumbukiza sandukuni. Ikionwa na wakala wa chama kingine, au ikipita mbele yake ikiwa wazi, imekufa.

Chama kiliwafungia wabunge wake hotelini siku nne, simu zikakusanywa kwenye ndoo, wakafanyishwa mazoezi na karatasi za bandia kama watoto wa chekechea. Mwalimu wao alikuwa Mhase, katibu wa chama, ambaye ndiye angekuwa wakala wao siku ya kura.

"Onyesha! Kunja! Tumbukiza!" alikuwa akiimba. "Wewe Shrirang, nionyeshe tena. Vizuri. Hata shangazi yangu angeweza."

Siku ya kura, Shrirang aliandika, akamwonyesha Mhase, naye Mhase akatikisa kichwa kukubali. Yaani chama chenyewe kiliiona kura ile ikiwa sahihi. Sanduku lilikuwa mwisho wa chumba, na ili kulifikia ilibidi kupita mbele ya viti vya mawakala wa vyama vingine. Kwenye kiti cha mwisho alikaa Nivruttirao Gavhane, mzee wa miaka sabini na minne, ambaye mji mzima humwita Appa. Appa alikuwa wa chama pinzani. Alikuwa pia rafiki wa Dattaram kwa miaka thelathini. Walibishana siasa mpaka majirani wakafunga madirisha, na Appa hakuondoka nyumbani kwao hata siku moja bila kula. Alikuwa mmoja wa wanne waliolibeba jeneza la Dattaram.

Tangu alipojua kutembea, Shrirang hakuwahi kupita mbele ya mzee yule bila kuinama na kumgusa miguu kwa heshima. Wala siku ile hakufikiri. Aliinama, mkono ukashuka hadi kwenye viatu, na karatasi ilikuwa bado mkononi, haijakunjwa. Appa naye hakufikiri. Alimwekea kiganja kichwani.

"Uishi miaka mingi, mwanangu."

Wakala wa kiti cha pili, ambaye chama chake kilishirikiana na cha Appa, aliruka juu. "Amemwonyesha! Karatasi iko wazi!"

Msimamizi, mwanamke mtulivu mwenye miwani minene, alisimamisha kila kitu. Akamgeukia mzee. "Umeona kilichoandikwa?"

"Miwani yangu iko mfukoni, binti," Appa akasema. "Bila miwani hata viatu vyangu hivi sivioni."

"Appa!" jirani yake akamnong'oneza kwa hasira. "Wewe uko upande gani?"

"Upande wa kiti hiki, mpaka mniinue."

Kamera ilitazamwa. Ilionyesha mgongo wa Shrirang na hakuna zaidi. Sasa likawa limebaki neno lake mwenyewe, na kila mtu chumbani alijua kwamba pande mbili zimelingana kiasi kwamba kura moja ingeamua.

"Mheshimiwa," msimamizi akamuuliza, "karatasi ilikuwa imekunjwa au ilikuwa wazi?"

"Imekunjwa!" Mhase akapaza sauti kutoka kitini kwake. "Sema imekunjwa!"

Shrirang alisimama pale akiwa na ile karatasi. "Ilikuwa wazi, Bibi Msimamizi. Nilisahau kuikunja."

Kura ikabatilishwa. Mgombea wa chama chake akashindwa kwa kukosa kura hiyo moja.

Wiki hiyohiyo picha yake ilitundikwa stendi, ikavishwa shada la viatu vikuukuu ili kumfedhehesha. Vatsala aliikuta akitoka kununua bilinganya. Kijana aliyekuwa akilifunga shada alikuwa mume wa mwanafunzi wake wa zamani.

"Umefunga wewe?" akamuuliza. "Fundo limelegea. Litakuangukia."

Akaenda zake. Viatu vilishushwa kabla ya jioni.

Miezi mitatu kabla ya uchaguzi wa jimbo, Mhase alifika nyumbani na karatasi iliyopigwa chapa tayari. Ilisema kwamba Nivruttirao Gavhane alimkamata Shrirang mkono na kuivuta karatasi yake kwa hila. Sahihi moja tu, na chama kingemsimamisha tena.

Shrirang aliisoma mara mbili. Aliutaka ule ubunge, mtu asijidanganye. Kuta za bweni zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, na alijua kwamba mrithi wake hangeinua hata tofali moja. Alimtazama mama yake. Vatsala aliendelea kumenya vitunguu saumu.

"Hakunishika mkono," Shrirang akasema hatimaye. "Alinishika kichwa."

"Lo! Tofauti ni shubiri mbili!"

"Basi sahihi hiyo weka wewe, uliyeipima."

"Bwana mdogo, yule mzee hata chama chake kimemtupa kwa mambo ya miwani. Unamlinda nani?"

Shrirang akamrudishia karatasi yake. Mhase akamgeukia mama. "Mwalimu, mfundishe mwanao."

"Nilishamfundisha," Vatsala akajibu. "Ndiyo maana unatoka bila sahihi. Kaa kwanza unywe chai."

Hakukaa. Tiketi ya chama ya kugombea alipewa mwingine, mfanyabiashara wa pampu za maji. Shrirang amerudi kwenye kesi zake za mipaka, na bweni limeishia palepale madirishani, mvua inanyesha ndani. Hilo linamuuma, na halifichwi.

Appa huja kila Alhamisi. Hukaa na Shrirang hadi chakula kiive, sauti zikipanda na kushuka. Mwezi uliopita mwandishi wa gazeti alimfuata Vatsala mlangoni kuuliza habari za kura, kisha akataka kujua wawili hao huzungumza nini, kama kijana anajuta, kama atagombea tena bila chama.

"Umeuliza kuhusu kura, nimekujibu," Vatsala akamwambia. "Hayo mengine ni ya nyumba hii. Sisemi."

"Neno moja tu, Mwalimu."

"Hata hilo moja."