Chumvi Ndani ya Chembe

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya friji za chanjo Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Fundi Mkuu alinipa utambi wa friji ya mafuta ya taa niukate.

"Ukitoa moshi, baridi inapotea na chanjo inaharibika," akasema. "Kata tena."

Nilikata asubuhi nzima.

Baadaye, miaka ya tisini, nilitumwa kumsaidia Injinia mmoja, mama asiye na maneno mengi, aliyekuwa akiunda friji ya jua kwa zahanati moja upande wa Katito. Haikuwa na mota. Lilikuwa sanduku la chuma lililoondolewa hewa, likajazwa jeli ya silika, yaani chembe ngumu zenye vitundu visivyoonekana. Zikiwa kavu, chembe hizo hunyonya mvuke kutoka tangi la maji, na maji yanayobaki hupoa. Mchana jua huzikausha, mvuke ukarudi kuwa maji.

Lakini silika peke yake ilinyonya kidogo. Injinia akailowesha katika kloridi ya kalisi, chumvi yenye kiu kali, tukaikausha kwenye oveni. Chumvi ikabaki ndani ya vitundu. Baridi ikaongezeka hadi Sista Adhiambo, mkuu wa zahanati, akakubali kuweka humo chanjo ya surua.

Zikaja mvua za masika. Chembe hazikukauka vizuri, zikazidi kunywa mvuke, chumvi ikayeyuka na kuchuruzika. Ikala chuma hadi ikakitoboa, hewa ikaingia, kipimajoto kikaanza kupanda. Na wageni wa kutoka Nairobi walikuwa njiani kuja kukagua.

"Zibeni hilo tundu," Meneja wa mradi akatuamuru. "Wageni wapite kwanza."

Sista Adhiambo alikuwa amesimama mlangoni. "Bwana Meneja, wageni wataenda. Kesho kina mama wanakuja na watoto. Nitawadunga maji?"

Meneja alimtazama Injinia. Injinia alinigeukia mimi.

"Fundi, hizi chanjo zisitumike. Chukua gari, ulete nyingine Kisumu."

Niliporudi nikamkuta Injinia amefungua sanduku, akiwaonyesha wageni kutu. Watoto walichanjwa. Mradi ulifungwa, Injinia akahamishwa, nami nikarudi karakana hadi kustaafu.

Vijana wa chuo wakinitembelea huniuliza kuhusu chumvi. Nawaambia wasijaze vitundu. Waache nafasi, maana chumvi ikinywa hufura. Hayo huyaandika haraka. Kisha nawasimulia swali la Sista Adhiambo, na hapo huweka kalamu chini.