Mwavuli Mwekundu Shimoni

Yun Kiau aliolewa na jogoo. Ndivyo walivyofanya Wahakka wa milimani kwao, kusini mwa Uchina, bwana harusi anapokuwa ng'ambo na mahari imekwisha kuliwa. Jogoo alifungwa utepe, shangazi mtu akamshika na kumwinamisha mara tatu mbele ya mizimu ya ukoo kwa niaba ya Foo Thiam Sang, aliyekuwa akichimba bati Perak, katika nchi ya Malaya chini ya Waingereza. Miaka miwili ikapita ndipo nauli ikaja. Yun Kiau alishuka melini Penang akiwa na miaka ishirini, akamkuta gatini mwanamume mfupi aliyeungua jua, ameishika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Pole na safari."

"Mbona jogoo alikuwa na kimo kukushinda?"

Thiam Sang alicheka mpaka akapaliwa. Tangu hapo wakawa mke na mume kwelikweli, na ucheshi haukuwaishia hata siku ambazo chakula chao kilikuwa uji mtupu na majani ya haradali ya chumvi.

Waliishi bonde la Kinta, huko huko Perak, kwenye kibanda cha makuti nyuma ya bweni la wachimbaji. Mume alishika bomba shimoni, lile linalorusha maji kwa nguvu ya pampu na kuumega ukuta wa udongo mpaka ukayeyuka tope. Tope lilivutwa juu, likapitishwa kwenye mfereji mrefu wa mbao ulioinuliwa kwa nguzo, bati likabaki na maji machafu yakaenda zake mtaroni. Yale maji machafu ndiyo yaliyokuwa shamba la wanawake. Yun Kiau alisimama humo tangu asubuhi, maji yakimfika mapajani, akizungusha sinia la mbao mpaka mchanga mwepesi ukatoka na ule mweusi, mzito, wenye bati, ukatulia katikati. Shingoni, ndani ya kifuko cha nguo iliyotiwa nta, alivaa kibali cha serikali cha kuosha bati. Karani alikuwa ameliandika jina lake vibaya, lakini mradi muhuri upo, hakujali.

Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka tisa na kuzaa mabinti wawili, mvua za mwezi wa kumi na moja zilipokuja na kunyesha siku kumi bila kupumua.

Pembeni mwa mtaro wao palikuwa na chemchemi iliyotoka chini ya kilima, kilima kile kile ambacho upande wake wa pili ulikuwa umekatwa ukawa ukuta wa shimo. Wanawake walichota hapo maji ya chai. Asubuhi ya siku ya kumi Yun Kiau alikwenda na birika akakuta maji meupe kama ya kuoshea mchele. Akangoja yatulie, hayakutulia. Aliporudi baada ya saa moja, chemchemi ilikuwa imekauka kabisa.

Alisimama pale, birika mkononi. Kijijini kwao, alipokuwa mdogo, kisima cha mjomba wake kilifanya hivyo hivyo wakati wa masika: kikageuka maziwa, kisha kikakauka. Jioni yake mlima ulishuka na nyumba tatu. Maji yasiyotoka yako ndani, yanausukuma udongo.

Alimkimbilia mnyapara, mzee Chin Pat, aliyekuwa amekaa karibu na mashine ya pampu akinywa chai.

"Mzee, watoe watu shimoni. Kilima kimebeba maji."

"Nani kasema?"

"Chemchemi imekauka."

"Mvua yote hii, chemchemi ikauke?" Mnyapara aliwageukia mafundi wa mashine. "Mmesikia? Shemeji yetu amekuwa mganga!"

"Mzee wangu, sifanyi mzaha. Hata yule mkaguzi Mzungu juzi alisema ukuta umesimama wima mno."

"Mzungu husema ili aonekane amekuja. Nenda kaoshe mchanga wako, mama. Wanaume wana kazi."

Alikwenda kwenye ukingo akaita. Chini kule, watu kumi na wanane walikuwa wakihangaika kwenye tope, wadogo kama siafu, na mumewe katikati yao ameuelekezea bomba ukuta ule ule. Aliita jina lake mpaka koo likawasha. Mashine ilinguruma, maji yalivuma, hakuna aliyeinua kichwa.

Basi likamjia wazo ambalo mtu mwenye akili timamu pale machimboni asingelithubutu. Mahali hapo hapakuwa na mwiko mzito kama wa mwavuli. Ukiingia nao shimoni na kuufungua, mizimu inayolinda bati huona umeidharau, nayo hulihamisha bati au hudai roho ya mtu. Ndiyo sababu kila mtu aliacha mwavuli na viatu kwenye kijumba cha mungu wa ardhi, kabla ya kukanyaga machimbo.

Yun Kiau alikwenda kijumbani akachukua wa kwanza ulioufikia mkono wake: mwavuli mwekundu wa karatasi ya mafuta, mali ya jirani yake Sam Moi.

"We! Unaupeleka wapi mwavuli wangu?" Sam Moi alipiga kelele kutoka mtaroni.

"Shimoni!"

"Umerogwa?"

Alishuka njia ya ngazi za udongo hadi nusu, hatua ambayo hata bila mwavuli ilikuwa haramu kwa mwanamke. Alijua wakimkamata watamfukuza, na mumewe pamoja naye. Akaufungua, akauinua juu kabisa, akaanza kuuzungusha.

Wa kwanza kuuona alikuwa msukuma tope. Alidondosha jembe. Akamgusa mwenzake, naye akamgusa mwingine, na kwa muda wa kufumba na kufumbua shimo zima lilikuwa linapanda likitukana. Wengine walishika fimbo.

"Mchawi! Mshikeni!"

"Mke wa nani yule?"

"Wa Thiam Sang! Thiam Sang, mkeo ametuua!"

Yun Kiau aligeuka akakimbia juu, mwavuli ungali wazi, naye akitupa jicho nyuma na kuwahesabu: kumi, kumi na wawili, kumi na sita. Wa mwisho alikuwa mfupi, ameliacha bomba likirusha maji ovyo kama nyoka aliyekanyagwa. Kumi na wanane.

Walimzingira penye mashine. Mnyapara alikuwa ameinua mkono ampige kibao, na mkono ukabaki hewani, maana ardhi ilitikisika chini ya nyayo zao. Ukuta ulijikunja katikati kama mtu aliyepigwa tumboni, kisha upande mzima wa kilima ukaingia shimoni, na miti yake, kwa mlio uliowafanya wajifunike vichwa. Vumbi halikuwapo, tope tupu. Pale ambapo bomba lilikuwa, pakawa mlima mwingine.

Mtu mmoja alianza kucheka, akashindwa kuacha, machozi yakamtoka. Thiam Sang alikaa chini kwenye maji, akaushika mguu wa mkewe kwa mikono yote miwili.

"Chemchemi ilikauka," Yun Kiau alimwambia.

"Ungeniambia."

"Nimekuita mpaka sauti imekatika, kiziwi wewe."

Hapo ndipo Yun Kiau alipolia, kilio cha nafuu kinachomwacha mtu mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni.

Mnyapara alishikilia mpaka kufa kwake kwamba mwavuli ndio uliokiangusha kilima. Watu wakamwachia, ila tangu siku ile kila asubuhi alimtuma mtu kuitazama chemchemi. Mkaguzi alikuja, akaandika kwamba mvua ilileta maporomoko na hakuna aliyeumia. Jina la mwanamke halikuandikwa.

Yeye hakulitafuta. Siku ile ya maporomoko alirudi nyumbani jua lingali juu, akapika tofu, ile jibini ya soya, iliyojazwa nyama, na wote wanne wakala mlango ukiwa wazi. Mvua ilikuwa imekatika. Thiam Sang alisinzia akiwa bado ameshika bakuli, na mkewe akamwacha akorome.