Uliokatika Haupimwi

Mtu huyu hakuwa mcheza kamari, na anayemwita hivyo leo anamwonea. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpima nyuzi katika kiwanda cha nguo. Aliufunga uzi kwenye mashine, akauvuta mpaka ukakatika, kisha akaandika umestahimili uzito gani. Kama uzi ulikatika wakati wa kufungwa, kabla mashine haijaanza kuvuta, aliutupa kwenye ndoo akachukua mwingine. Bosi wake alimfundisha hivyo siku ya kwanza: "Uliokatika haupimwi." Ripoti zilitoka nzuri mwezi baada ya mwezi, nguo zikawa zinararuka mabegani mwa watu, wateja wakahama, kiwanda kikafa. Wafanyakazi waliokuwa wamepewa hisa badala ya nyongeza ya mshahara walibaki na makaratasi.

Siku aliyotoka getini na boksi lake aliapa kwamba hatamwamini tena binadamu mwenye ulimi. Angeamini namba. Akanunua kompyuta iliyotumika, akaiweka kwenye meza ya chakula, akaanza kutafuta programu ya kuchora chati za soko la hisa, ile inayoweza pia kuchukua kanuni yako ya kununua na kuuza, ikaijaribu kwa bei za miaka iliyopita na kukuambia ungevuna nini. Chati zilijaa vijiti vyekundu na vya kijani ambavyo wenye kazi hiyo huviita mishumaa. Mkewe akapata la kusema.

"Mzee wa Mishumaa, chakula kinapoa."

"Nakuja."

"Mishumaa yote hiyo na bado tuko gizani!"

Alilinganisha programu tatu. Ya kwanza ilikwama kila alipofungua chati mbili, akaifuta ndani ya wiki. Ya pili aliipa jina la Bibi Kizee: maandishi madogo ya kijivu, na ukiiambia ijaribu kanuni moja, unaweza kubandika maharage yakaiva kabla haijajibu. Ya tatu ilikuwa Bwana Harusi. Rangi zake zilitakata, na miaka kumi ya soko aliimaliza kabla hujakohoa.

Kanuni yake aliiita Baada ya Dhiki Faraja. Nunua hisa za kampuni iliyoanguka hadi nusu ya bei, subiri irudi juu, uza. Bwana Harusi alijibu kwamba katika kila manunuzi kumi, tisa yalileta faida. Bibi Kizee, kwa kanuni ileile na miaka ileile, alijibu hasara.

Mpima nyuzi hakulipuuza jambo hilo. Kwa wiki nzima aliweka orodha mbili za kampuni bega kwa bega, akapitisha kidole jina kwa jina, hadi akagundua kwamba Bibi Kizee alikuwa na majina sitini ya ziada, na mbele ya kila moja neno "imefutwa". Wiki nzima, miwani puani, na jibu likiwa chini ya kidole chake! Akachukua daftari akaandika: "Bibi Kizee ana takwimu chafu. Nabaki na Bwana Harusi."

Dada yake mdogo alikuwa mshonaji. Kwa miaka tisa alishonea kwenye baraza ya duka la mtu, mvua ikinyesha anavuta cherehani ndani, jua likitoka anairudisha nje, huku akiweka akiba ya kukodi chumba chake mwenyewe. Alipopandishiwa kodi ya baraza alikuja kwa kaka yake na bahasha.

"Kaka, mimi hizo chati sizijui. Wewe umepima?"

"Nimepima mara mia mbili."

"Basi. Mkono wako naujua."

Wiki hiyo kampuni iliyokuwa imeanguka nusu ilikuwa moja tu, ya kutengeneza rangi. Akanunua hisa zake kwa bahasha nzima. Bei ikashuka tena. Mkewe akamwambia auze kilichobaki, naye akajibu kwamba kanuni inasema kusubiri, na subira yavuta heri. Mwezi wa nane dalali wa hisa akapiga simu.

"Mzee, ile kampuni ya rangi imefilisika. Imeondolewa sokoni. Pole sana."

Hakumwambia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Harusi, akaingiza bei mpya, akaijaribu kanuni upya ili ajue ilikosea wapi. Jibu likaja upesi kama kawaida: katika kila kumi, tisa. Akatafuta kampuni ya rangi. Haikuwepo. Iliyokufa ilikuwa imetolewa kwenye orodha, na hasara yake ikaenda nayo.

Ndipo alipoikumbuka ndoo.

Akafungua Bibi Kizee. Kampuni ya rangi ilikuwepo, mshumaa wake wa mwisho mwekundu, na neno "imefutwa". Akashuka na orodha. Kiwanda chake cha nguo nacho kilikuwepo, na chati yake yote hadi siku aliyotoka na boksi. Wale wafu sitini wa awali wote walikuwa wamehifadhiwa pale, naye ndiye aliyewaita uchafu. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, na huyu nguo ndizo zilikuwa kazi yake. Aliona aibu iliyomchoma kuliko siku kiwanda kilipofungwa, maana safari hii hapakuwa na bosi wa kumlaumu.

Jumamosi mchana dada yake alikuja, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Kaka alimweleza yote, ndoo na orodha na wale sitini.

"Nionyeshe pesa yangu ilipopotelea," alisema dada.

"Ngoja nifungue hii ya zamani..."

"Hapana. Ile uliyonipimia."

Akafungua Bwana Harusi, akaandika jina la kampuni ya rangi. Dada aliinama mbele ya kioo, akasoma neno kwa neno.

"Hakuna kampuni yenye jina hilo." Akainuka. "Basi sijapoteza kitu, kaka."

Akavua futi shingoni, akaikunja, akaitia mkobani, akarudi kwenye baraza ya watu.