Mama Yangu Aliupanda Sekenke

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na hasira yake bado ninayo. Ndiyo kwanza nimeanza kufundisha, najiona msomi kuliko wote huku juu Iramba. Wageni wa serikali walikuwa wanakuja kijijini kwetu, na mwenyekiti akaniagiza niandike historia ya wilaya niisome mbele yao.

Niliandika vizuri, sikatai. Nilieleza mbuga ya Wembere kule chini, nikaeleza Shelui, kisha mlima wa Sekenke, pale barabara inapojikunja na malori yanapanda yakiguna. Sikusahau dhahabu ya enzi za Wajerumani. Nilipofika kwenye watu nikaandika: "Wenyeji wa hapa ni Wanyiramba. Wengine wote ni wapita njia." Sentensi hiyo ilinipendeza, nikaipigia mstari. Mwenyekiti naye akaisoma na kuipitisha.

Jioni nikamsomea mama akipepeta uwele. Sasa elewa hapo: mama yangu alikuwa Msukuma. Aliupanda mlima ule kwa miguu akiwa msichana, kuja kuolewa na baba yangu Mnyiramba, na hakurudi tena kuishi chini.

"Soma tena hapo kwenye wapita njia," akasema.

Nikasoma, sauti imepungua.

"Baba yako nimemzika hapa. Shamba hili nimeling'oa visiki kwa mikono yangu. Siku nikifa mtanishusha Shelui mnirudishe kwetu?"

Nikajitetea kwamba sikumkusudia yeye, ni historia tu.

"Basi historia yako haina mama," akanijibu, akaendelea kupepeta. Mkutanoni, akasema, haendi. Mwanangu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Asubuhi nikaifuta sentensi ile. Mwenyekiti alipoona, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, soma kama ulivyoandika mwanzo. Mambo ya mama yako yabaki nyumbani kwenu."

Nikamwachia karatasi yake mkononi. Nikasimama mbele za watu nikasema ya kichwani: wilaya hii ni ya waliokuwapo na ya waliopanda mlima kuja. Nikawataja Wahadzabe waliotutangulia, Wanyiramba, Wanyisanzu wa upande wa Mkalama, Wasukuma. Nikasema mama yangu ni Msukuma na ni mwenyeji wa hapa, na asiyekubali aje ambishie mwenyewe nyumbani. Watu wakacheka, mwenyekiti akanuna. Alininunia mwaka mzima, na sijawahi kujuta hata siku moja.

Nyumbani mama alishapata habari. Nilitegemea sifa.

"Na Wataturu umewataja?" akaniuliza.

Majirani zetu wafugaji, nilikuwa nimewasahau.

Leo nanyi mnanijia na simu zenu, mnauliza nani hasa mwenyeji wa huku. Jibu langu halijabadilika. Aliyelima hapa, akazaa hapa, akazika hapa, ni wa hapa, na usikubali mtu akuandikie vingine. Wakikupa karatasi inayomfuta jirani yako, irudishe. Wakikulazimisha, simama useme unachokijua, na wanune wanavyotaka. Ukimaliza, jiulize ni nani wewe mwenyewe umemsahau, kisha nenda ukamtaje.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka mbele ya wakubwa, na akujalie nyumba ambayo aliyeingia mgeni atazeekea humo akiitwa mama.