Penseli ya Mkutubi

Mama mtu hakumwamini yule mkutubi wa shule hata chembe. Mwanamke gani huyu, anayemkemea mtoto kwa kukunja ukurasa, kisha anachonga penseli na kuichomeka ndani ya kila riwaya ya kabati la pembeni? Vidole vyake havikuisha weusi wa penseli, na sauti yake ilikuwa ya chinichini, kama ya mtu mwenye lake jambo. Binti naye siku hizi harudi nyumbani bila kitabu kilichojalidiwa kwa gazeti. Lisemwalo lipo: riwaya zile zilitaja kila kitu bila haya.

“Dada, nionyeshe unachomlisha mwanangu.”

Mkutubi alijifuta vidole kwenye sketi, kama kawaida yake, akafungua ukurasa mmoja na kumsogezea. Msichana wa hadithini alikuwa amefungulia bomba la bafuni ili mama yake asisikie akilia. Pembezoni, kwa penseli, miandiko tisa tofauti ilisema: Mimi pia. Wa mwisho, wenye herufi zinazolalia kushoto, mama mtu aliufundisha mwenyewe, mezani kwake. Akakumbuka bafu la nyumbani, naye mlangoni akigonga: “Hebu funga maji hayo, yanapotea bure!”